Ndugu ameshikwa na uhamiaji Marekani: msaada gani wa bure wa kisheria umfae?

Mtu akishtakiwa Marekani kwa kosa la wizi na hana kitu mfukoni, serikali humtafutia wakili. Akishikwa na ICE, idara ya serikali inayokamata na kuzuia wahamiaji, kwa sababu ya makaratasi, hapewi. Kesi ya uhamiaji huhesabiwa kuwa ya madai, si ya jinai, na sheria inasema mhusika anayo haki ya kuwakilishwa, ila bila gharama yoyote kwa serikali. Yaani haki unayo, wakili jitafutie. Kanuni hiyo haina umri. Mtoto wa miaka sita naye huitwa mbele ya jaji ambaye ni mwajiriwa wa Wizara ya Sheria, upande wa pili ameketi wakili wa serikali, na yeye anaweza kuwa hana mtu.

Watafiti Ingrid Eagly na Steven Shafer walipitia kesi zaidi ya milioni 1.2 zilizoamuliwa kati ya 2007 na 2012. Kwa jumla, asilimia 37 ya wahusika walikuwa na wakili. Kwa waliokuwa kizuizini, ilikuwa asilimia 14 tu. Takwimu hizo ni za zamani kidogo, lakini sababu zake hazijaondoka: vituo vingi viko mbali na miji, simu za ndani ni taabu, na aliyefungiwa hana kazi ya kumwingizia fedha za kumlipa mtu.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na mashirika ya msaada wa bure, na hayo hayafanani hata kidogo. Lipo linaloingia kituoni, likawaeleza watu haki zao wakiwa kundi zima, kisha likaondoka. Lipo linalojaza fomu na kuishia hapo. Lipo linalosimama na mtu mbele ya jaji mpaka hukumu. Familia ikisikia "kuna shirika limemwona", hupumua, kumbe aliyeonwa amepata somo tu. Kwa hiyo nikilinganisha hapa chini sitazami jina kubwa wala tovuti nzuri. Natazama mambo matatu: ndugu yako yuko wapi leo, kesi yake iko mbele ya nani, na msaada huo unaishia wapi.

Kwanza mjue aliko

Kwa mtu mzima, ICE ina ukurasa wa kutafutia waliozuiliwa, locator.ice.gov. Unaweza kutumia namba ya A, ile yenye tarakimu nane au tisa iliyo kwenye karatasi zake za uhamiaji, pamoja na nchi aliyozaliwa. Au jina na nchi. Majina yetu ndiyo mtego. Mtu mwenye majina matatu, lake, la baba na la babu, anaweza kuwa ameandikwa kwa la babu kama ndilo la ukoo, au la baba likawekwa kama la kwanza. Jaribu mpangilio wote kabla ya kusema hayupo. Ukishaipata namba ya A, simu ya mahakama za uhamiaji, 1-800-898-7180, inakusomea tarehe ya kusikilizwa na mahakama yenyewe.

Mtoto wa chini ya miaka 18 hatokei kwenye ukurasa ule. Mtoto aliyekutwa bila mzazi hukabidhiwa kwa ofisi ya wakimbizi iliyo chini ya Wizara ya Afya, inayojulikana kwa kifupi ORR, na simu yake ya taifa ni 1-800-203-7001.

Mtu mzima: shirika la jirani na kituo, au wakili wa umma wa mji?

Aina ya kwanza ni mashirika yaliyojengwa kuzunguka kituo fulani cha kizuizi. Mfano mzuri ni Florence Immigrant and Refugee Rights Project la Arizona, lililoanza mwaka 1989 kwa ajili ya watu waliozuiliwa Florence, na baadaye Eloy, huko jangwani kati ya Phoenix na Tucson. Mwaka huohuo ikaanza ProBAR, mradi wa chama cha mawakili wa Marekani, huko Harlingen, kusini kabisa mwa Texas. Jimbo la Washington lina Northwest Immigrant Rights Project, ambalo limekuwapo tangu 1984 na ndilo linalojulikana na waliozuiliwa Tacoma. Kwa eneo la Washington, D.C., Maryland na Virginia lipo Amica Center, ambalo wengi wanalikumbuka kwa jina lake la zamani, CAIR Coalition.

Nguvu ya mashirika haya ni kuijua nyumba. Wanamjua jaji anayechukia kuahirisha kesi, wanajua siku za kuonana na wafungwa, wanajua namna ya kupata rekodi za hospitali ya kituo. Wakili wa mjini, hata awe hodari, hupoteza muda mwingi kujifunza hayo. Udhaifu wao ni uwezo. Vitanda vya kituo ni vingi kuliko mawakili, basi huchuja: wengi hupata maelezo ya haki, wachache zaidi hupata ushauri wa ana kwa ana, na wachache kabisa hupata wakili wa kusimama nao. Kigezo cha uchujaji mara nyingi ni uzito wa kesi au udhaifu wa mhusika, kama ugonjwa, uja uzito au mateso aliyopitia.

Ule utaratibu wa maelezo ya haki ndani ya vituo ulikuwa ukilipiwa na serikali kuanzia 2003. Aprili 2025 Wizara ya Sheria iliukatisha. Yako mashirika yaliyoendelea kuingia kwa fedha za wafadhili, lakini usitegemee orodha ya zamani. Swali la kwanza ukipiga simu liwe hili: bado mnaingia kwenye kituo hiki alichomo, na mara ngapi?

Aina ya pili ni ya New York, na kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote pale inapopatikana. Tangu 2013 mji huo hugharimia mawakili wa waliozuiliwa kwa mtindo wa mawakili wa umma wa kesi za jinai, kupitia The Bronx Defenders, Brooklyn Defender Services na The Legal Aid Society. Tofauti yake na Florence iko kwenye mlango. Florence inakuuliza kesi yako ina nini. New York inakuuliza kipato chako. Ukiwa huna uwezo na kesi iko kwenye mahakama wanayoihudumia, unapewa wakili hata kama shauri lenyewe ni gumu, na ofisi hizo zina mawakili wa jinai chini ya paa moja. Faida hiyo utaiona zaidi nikifika kwa wenye grini kadi. Miji na kaunti nyingine kadhaa ziliuiga mtindo huu, baadhi kwa fedha chache mno.

Doa lake ni kuhamishwa. ICE huweza kumchukua mtu New York na kumpeleka Texas au Louisiana kabla kesi haijafunguliwa kule alikokamatwa, na mpango wa mji hauna mkono mrefu wa kumfuata. Huko Louisiana vituo ni vingi na mawakili wa bure ni wa kuhesabu. Ndiyo maana anayeishi kwenye mji wenye mpango huu apige simu siku ileile ya kukamatwa, asingoje kikao cha ukoo Jumamosi.

Makampuni makubwa, vyuo, na wawakilishi walioidhinishwa

Makampuni makubwa ya mawakili hutoa saa za kujitolea, kwa kawaida kupitia shirika linalowafunza na kuwasimamia. Wana fedha za wakalimani, madaktari wa kuandika ripoti za makovu, na wataalamu wa hali ya nchi. Kesi ya hifadhi iliyojaa ushahidi, mathalani ya mtu aliyeteswa Kivu au mwanaharakati aliyefungwa kwao, hunawiri mikononi mwao. Lakini wengi wao si watu wa uhamiaji kila siku, na hupokea kesi polepole: shirika liandike muhtasari, kampuni ijadili, ikague mgongano wa maslahi. Kesi za kizuizini hukimbia. Kwa aliyefungwa na ana tarehe karibuni, njia hii pekee haitoshi.

Kliniki za vyuo vya sheria zina kitu ambacho hakuna mwingine anacho, yaani muda. Wanafunzi wawili na profesa wao huweza kukaa na maelezo ya mtu mmoja mpaka kila tarehe ioane na nyingine. Huchukua kesi chache sana, na hupenda zile zenye hoja mpya ya kisheria. Uliza likizo ikifika nani anashika faili.

Halafu kuna wawakilishi walioidhinishwa, ambao watu wetu huwadharau bila sababu au huwaamini kupita kiasi. Hawa si mawakili. Ni wafanyakazi wa mashirika yasiyo ya faida, mengi yakiwa ya kidini, walioruhusiwa na Wizara ya Sheria kushughulikia uhamiaji. Wako wa ngazi mbili. Mwenye idhini ya sehemu hufanya kazi mbele ya idara za usalama wa ndani tu: fomu, mahojiano, kibali cha kazi. Mwenye idhini kamili anaweza pia kusimama mbele ya jaji wa uhamiaji. Kwa ndugu aliye nje anayetaka kujaza fomu ya uraia, yule wa kwanza anatosha kabisa, na pengine ni mwangalifu kuliko wakili mwenye haraka. Kwa aliye kizuizini hatoshi. Na hata mwenye idhini kamili hawezi kufungua shauri katika mahakama ya shirikisho, jambo ambalo miaka michache nyuma nisingeliweka mbele hivi.

Swali lililopindua ulinganisho wote: mnafungua habeas?

Zamani hatua ya kwanza ya aliyezuiliwa ilikuwa kumwomba jaji wa uhamiaji dhamana. Kiwango cha chini kisheria ni dola 1,500, na majaji huweka juu zaidi ya hapo. Septemba 2025 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, katika shauri la Yajure Hurtado, iliamua kwamba jaji wa uhamiaji hana mamlaka ya kumpa dhamana mtu aliyeingia nchini bila kukaguliwa mpakani, hata awe ameishi Marekani miaka ishirini. Tangu hapo mlango umehamia mahakama za shirikisho, kwa ombi la habeas corpus, ambapo jaji asiye wa Wizara ya Sheria anaulizwa kama kufungwa kwenyewe ni halali. Majaji wa shirikisho hawakukubaliana, kwa hiyo jibu linategemea sana ramani.

Ada ya kufungua habeas ni dola 5. Ugumu uko kwenye ujuzi. Anahitajika wakili aliyesajiliwa katika mahakama ya shirikisho ya wilaya ile, na ombi hufunguliwa kwenye wilaya alikozuiliwa mtu wakati linapowasilishwa. Akisafirishwa usiku kabla halijaingia, wakili wa jana huenda asifae tena.

Hapa ndipo ninapowasihi watu wamtazame ndugu yao ni wa kundi gani, maana makundi haya matatu hayahitaji shirika la aina moja.

Aliyevuka mpaka bila kukaguliwa, kama wengi waliopitia Brazil na Amerika ya Kati wakitokea Kongo au Afrika Mashariki, anahitaji kwanza shirika linalofanya habeas au linaloweza kumpa kesi kampuni kubwa. Makampuni yale niliyoyasema kuwa mazito kwenye kesi za kawaida hapa yanageuka kuwa chaguo la kwanza, kwa sababu mahakama ya shirikisho ndiyo nyumbani kwao.

Aliyeingia kwa viza ya masomo au ya matembezi akapitisha muda hakuguswa na uamuzi wa Yajure Hurtado, kwa kuwa alikaguliwa na kuruhusiwa. Kama hana rekodi ya jinai, bado anaweza kumwomba dhamana jaji wa uhamiaji. Huyu anafaidika zaidi na shirika la jirani na kituo, linalojua jaji gani anataka barua za aina gani: ya mwenye nyumba, ya mwajiri, ya mchungaji au imamu.

Wa tatu ni mkimbizi aliyeletwa kwa mpango wa makazi mapya, au mwenye grini kadi, aliyeshikwa kwa sababu ya hukumu ya zamani. Makosa mengi ya jinai humweka mtu kwenye kizuizi cha lazima kisicho na dhamana, na kesi yake huamuliwa na maneno ya hukumu ile kuliko hali ya nchi yake. Mtafutie ofisi yenye watu wa jinai na uhamiaji pamoja. Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mwaka 2010, katika Padilla dhidi ya Kentucky, kwamba wakili wa jinai anawajibika kumwonya mteja kuhusu hatari ya kufukuzwa nchini. Kama hakuonywa, huenda hukumu yenyewe ikapingwa. Wakili wa hifadhi peke yake, hata mwenye moyo, anaweza kuipita hoja hii bila kuiona.

Mtoto aliye peke yake

Sheria ya Marekani humhesabu mtoto kuwa hana mlezi akiwa chini ya miaka 18, hana hadhi ya uhamiaji, na hakuna mzazi au mlezi wa kisheria nchini humo anayeweza kumtunza. Shangazi aliyevuka naye mpaka hahesabiwi. Familia nyingi zetu hushangaa hapo: mtoto amelelewa na shangazi tangu kunyonya, wakafika pamoja, wakatenganishwa. Sheria ya mwaka 2008 inataka mtoto akabidhiwe ORR ndani ya saa 72, na inaitaka Wizara ya Afya ihakikishe kadiri inavyowezekana kwamba ana wakili. "Kadiri inavyowezekana" ndiyo kamba ambayo serikali na mashirika wanaivuta. Machi 2025 serikali ilikatisha fedha za mawakili wa watoto wapatao 26,000. Aprili, jaji wa shirikisho wa California akaamuru zirudi. Kwa hiyo hata shirika la watoto lenye sifa huenda lina mawakili wachache kuliko tovuti yake inavyoonyesha.

Mtoto hukutana na watu wa aina tatu, na watu wazima huwachanganya.

Wa kwanza ni shirika linalohudumia kituo alichowekwa. Florence Project lina kitengo cha watoto kwa Phoenix na Tucson, ProBAR kwa bonde la Rio Grande. Hao humweleza haki zake, humhoji faraghani, na humtetea akiwa kituoni. Lakini watoto wengi hutoka kituoni kwenda kwa mdhamini, yaani ndugu au mtu mwingine aliyeruhusiwa kumlea, na mdhamini yuko Ohio au Maine. Shirika la Texas haliji Ohio. Kabla mtoto hajatoka, mwombe wakili wa kituo akuandikie: kesi iko mahakama gani, fomu gani zimeshaingia, na shirika gani la huko aendako limeshapewa faili. Anwani ikibadilika, mahakama ijulishwe ndani ya siku 5, maana barua ikienda anwani ya zamani na mtoto asitokee, jaji anaweza kuamuru aondolewe nchini bila kumwona.

Wa pili ni mashirika yanayomshika mtoto akiwa tayari kwa mdhamini. Linalojulikana zaidi ni Kids in Need of Defense, KIND, lililoanzishwa 2008 na Microsoft pamoja na Angelina Jolie. Huwaunganisha watoto na mawakili wa kujitolea kutoka makampuni, kisha huwasimamia mawakili hao. Ukililinganisha na shirika la kituoni, KIND hukaa na mtoto kwa muda mrefu zaidi, ila ofisi zake ziko kwenye miji fulani tu, na mtoto husubiri mpaka wakili apatikane.

Wa tatu si wakili. Ni mtetezi wa maslahi ya mtoto, kazi iliyoanzishwa na Young Center for Immigrant Children's Rights la Chicago mwaka 2004. Wakili husema anachokitaka mtoto. Mtetezi husema kinachomfaa mtoto. Mtoto wa miaka mitano hajui kutaka, na wa miaka 16 anaweza kutaka kurudi kwa watu waliomuuza, hivyo kazi hizo mbili hazigombani wala moja haichukui nafasi ya nyingine. Kama mtoto ni mdogo sana, mgonjwa, au kuna dalili za kusafirishwa kwa magendo, wakili wake anaweza kuomba ateuliwe mtetezi. Wewe ndugu mkumbushe tu.

Kipimo changu kikubwa kwa shirika la watoto ni hiki: je, linaingia pia mahakama za familia za jimbo? Mtoto aliyetelekezwa, kunyanyaswa au kutotunzwa na mzazi mmoja au wote anaweza kuomba hadhi maalumu ya watoto, lakini kwanza jaji wa jimbo, si wa uhamiaji, lazima atoe amri yenye maneno mahususi. Majimbo mengi humaliza mamlaka mtoto akifika miaka 18. New York huenda hadi 21. Shirika linalofanya upande wa uhamiaji tu litakuambia utafute wakili mwingine wa jimbo, na kwa kijana wa miaka 17 na miezi kadhaa safari hiyo huisha kabla haijaanza. Kati ya shirika maarufu lisiloingia mahakama ya jimbo na kliniki ndogo ya chuo inayofanya yote mawili, kijana wa namna hiyo nampeleka kliniki, hata kama foleni ya viza ya hadhi hiyo baadaye ni ya miaka.

Hifadhi ya mtoto nayo ina njia yake: ombi husikilizwa kwanza na ofisa wa USCIS, idara inayopokea maombi ya uhamiaji, si jaji, na kikomo cha mwaka mmoja cha kuomba hakimhusu. Ofisa hupendelewa kwa sababu hakuna wakili wa serikali wa kumhoji mtoto kwa ukali. Ila tangu Septemba 2023 mwombaji wa njia hiyo huja na mkalimani wake, ilhali mahakama ya uhamiaji hutoa wa kwake bure. Uliza shirika kama linamlipia mkalimani.

Jambo moja kwa mdhamini, awe mjomba, baba mdogo au dada mkubwa. Wakili wa mtoto ni wa mtoto. Atakutoa chumbani, na hatakusimulia alichoambiwa. Kwetu hilo linachoma, mtu unamlisha na kumsomesha kisha unafungiwa mlango, lakini shirika linalokuruhusu ukae kila mahojiano ndilo la kutilia shaka. Na kama makaratasi yako mwenyewe yana kasoro, tafuta ushauri wako kando. Yule hawezi kuwatumikia wote wawili.

Bure ya nani, na mchango uende wapi

Wakili wa bure hafuti ada za serikali. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 iliweka ada ya dola 100 kwa ombi la hifadhi, isiyosamehewa hata kwa fukara, na dola nyingine 100 kwa kila mwaka ombi linapokaa bila kuamuliwa. Ombi la hadhi maalumu ya watoto likawekewa dola 250. Mashirika mengine hulipa kutoka mfuko wao, mengine huiachia familia. Uliza mapema.

Familia zetu zikisikia mtu kashikwa, kundi la WhatsApp hufunguliwa na mchango kuanza, na fedha za kwanza humwendea wakili wa kulipwa kwa imani kwamba cha bure ni dhaifu. Kwa kesi za kizuizini imani hiyo mara nyingi ni kinyume: wakili wa kulipwa anayeshinda kwenye viza za kazi huenda hajawahi kukanyaga Eloy. Kama shirika zuri la bure limekubali, mchango uwekeni kwa dhamana. Aliyeweka dhamana hurudishiwa kesi ikiisha, mradi ndugu alihudhuria kila alipoitwa. Ada ya wakili hairudi.

Kuna pia "watu wa fomu", jamaa anayejaza makaratasi ya kanisa zima, na wale wanaojifanya shirika kwenye Facebook kisha wakaomba malipo kwa kadi za zawadi. Kupima ni rahisi: wakili yuko kwenye daftari la chama cha mawakili la jimbo lake, mwakilishi aliyeidhinishwa yuko kwenye orodha ya Wizara ya Sheria. Mahakama za uhamiaji zenyewe huchapisha orodha ya watoa msaada wa bure kwa kila jimbo, ikisahihishwa kila miezi mitatu. Anzia hapo.

Kiswahili kipi

Kiswahili ni cha kawaida kwenye mahakama hizi, lakini mtu wa Uvira na mkalimani wa Mombasa wanaweza kupishana kwenye neno linaloamua kesi. Kama ndugu anajieleza vizuri zaidi kwa Kibembe au Kinyamulenge, aombe hiyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu kubadili lugha katikati humfanya jaji ashuku. Shirika linalomwita binamu yako atafsiri habari za ubakaji limeshindwa jambo la msingi, hata kama mawakili wake ni mahiri.

Wakikukataa, na wakikukubali

Kukataliwa na shirika hakumaanishi kesi haina mguu; mara nyingi hawana nafasi. Waombe wakutaje kwa wengine wawili, na ndugu amwombe jaji kwenye kikao cha kwanza muda wa kutafuta wakili. Wakati huo asisaini karatasi ya kukubali kuondoka asiyoielewa.

Wakikubali, soma barua ya makubaliano sehemu inayosema wanafanya nini. "Dhamana tu" ni mkataba mmoja, "kesi mbele ya jaji" ni mwingine, na rufaa huwa haimo isipoandikwa. Kama rufaa haimo, uliza sasa, kabla ya hukumu, nani ataifungua na siku za kuifungua ni ngapi.